Chura wa Mti Mwepesi

Lulindi, Masasi
16 Julai 1957

Shemeji Bwanali,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila usingizi haujarudi. Asante kwa kuja msibani pamoja na mkeo Siti, na kwa mihogo mikavu mliyotuachia. Nilikuona umesimama peke yako kando ya kaburi la Basil watu walipokwisha kuondoka. Nilitaka kukuita unywe uji, lakini siku ile sikuwa na sauti.

Nakuandikia kwa sababu nimepata kitu nisichokijua.

Jana nguo za Basil zililetwa kutoka hospitali. Koti lake la kahawia unalikumbuka, lile lenye mfuko wa ndani niliomshonea kwa kipande cha kanzu ya kanisa, kwa kuwa alikuwa akipoteza penseli zake za uashi kila siku. Nilitia mkono mfukoni nikitafuta penseli. Nikatoa kitu cha mti.

Urefu wake ni kidole gumba kimoja na nusu. Mti wenyewe ni mwepesi mno, ukiufumba mkononi ni kama hujashika kitu. Mbele kuna mdomo mpana uliochimbwa ndani kama kikombe. Juu kuna macho mawili yaliyotokeza. Tumboni kuna vitobo viwili vidogo. Na nyuma, shemeji, zimefungwa nywele. Si manyoya ya mnyama. Ni nywele za mtu, zimegandishwa kwa nta na kuzungushiwa uzi.

Nakuuliza wewe kwa kuwa wewe ni mchongaji. Tena macho yale naona kama nayajua. Yanafanana na macho ya yule ndege aliye juu ya mwiko uliotuletea siku ya harusi yetu.

Wifi yangu Mabel, dada yake Basil, alikuwa ameketi nami. Alipokiona alisogeza kigoda chake nyuma. "Kitupe! Hicho ni cha ngoma ya vinyago ya wanaume wa Kimakonde, mwanamke hakitazami." Kisha akainama, akakitazama sana. "Au kuna mwanamke. Veridiana, zile zamu zake za kulinda saruji usiku, ni saruji gani? Misheni haijajenga hata choo tangu mwaka juzi."

Nami nilikuwa najua kwamba hakuna saruji. Sikuwahi kumuuliza Basil, kwa sababu akirudi alfajiri alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

Arobaini itakuwa Jumamosi, tarehe 10 Agosti. Siku hiyo vitu vya Basil atakabidhiwa Silvano, mtoto wa Mabel, kama ilivyo ada yetu kwamba mali ya mjomba ni ya mpwa. Mabel amesema kitu hiki hakitakabidhiwa kwa mtu. Atakichoma mbele ya watu wote, padre asali. Akifanya hivyo, Basil atakumbukwa hapa kuwa mtu wa waganga au mtu wa wanawake, nami nitabaki na swali mpaka nizeeke.

Nieleze kabla ya siku hiyo. Kama ni nywele za mwanamke mwingine, nitajie jina lake tu. Sitagombana naye. Nataka kujua kama naye analia.

Ni mimi shemeji yako,
Veridiana, Mama Dominika


Newala
22 Julai 1957

Shemeji Mama Dominika,

Marahaba. Sisi hatujambo. Siti anakusalimu, anasema ule, hata kama ni kidogo. Huku kwetu maji ya bomba yamefika mpaka karibu na soko. Wanawake waliozoea kuteremka bondeni tangu alfajiri na kurudi jua likiwa juu sasa wanafungua bomba, wanaliangalia tu likimwaga, kama vile wanaangalia ngoma. Mzee mmoja alileta kiti.

Kuhusu kitu ulichokipata, mimi sikijui. Wachongaji wa Newala ni wengi kama panzi, na macho ya kutokeza kila mtu anachonga. Pengine alikiokota njiani. Basil alikuwa mtu wa kuokota. Unakumbuka alivyokuwa na mkebe mzima wa vigae vya sahani za Wazungu, eti vina rangi nzuri?

Mwanamke mwingine hakuwa naye. Hilo naapa kwa Mungu, na wewe unajua mimi siapi ovyo. Mwambie wifi yako aache maneno.

Basi usijisumbue. Ila huyo chura usimweke karibu na jiko, nta itayeyuka.

Wasalaam,
Bwanali


Lulindi
27 Julai 1957

Mwalimu Cuthbert,

Salamu kutoka kwetu. Najua una kazi nyingi huko Chidya, nami nitaandika kwa ufupi.

Wewe, Basil na Bwanali mlikuwa watatu tangu siku za kujenga ukuta wa bwawa la Bwana Shamba, Basil akiwa mwashi, Bwanali akichonga mipini, na wewe ukiandika majina ya vibarua. Baada ya hapo kila giza la mwezi lilipofika, Basil aliniambia anakwenda zamu ya kulinda saruji. Nakuomba uniambie kama mwalimu na kama Mkristo, mlikuwa mnakwenda wapi?

Pia nakuuliza kama uliwahi kuona mikononi mwake chura mdogo wa mti, mwenye nywele nyuma.

Veridiana


Chidya
31 Julai 1957

Dada Veridiana,

Nimeisoma barua yako mara tatu, nikafunga mlango, nikaisoma tena. Nitakujibu kwa ukweli, nawe ukimaliza kusoma tafadhali uichome karatasi hii. Mimi ni mwalimu, nina watoto wanne.

Tulikuwa tunakwenda kuvua samaki katika bwawa hilo hilo.

Utakumbuka kwamba Bwana Shamba aliyelichimba aliagiza samaki wa kigeni. Waliletwa katika madebe manne, wadogo kama kidole cha mtoto, na Basil alikuwa mmoja wa waliowamwaga. Kisha likawekwa bango: NI MARUFUKU KUVUA MPAKA SAMAKI WAKUE. Mwaka uliofuata Bwana Shamba alihamishwa. Hakuna aliyekuja kutangaza kwamba samaki wamekua. Bango lipo mpaka leo, limeliwa na mchwa mguu mmoja, lakini maneno yanasomeka. Ndiyo sababu ya kuficha. Bwanali na Basil walikuwa wakinicheka kwa hofu yangu. Waliniita Karani wa Bango.

Watu wote waliamini samaki wale walikufa. Waliotega migono kwa siri walipata kambale tu. Basil ndiye hakuamini. Usiku mmoja alipita pale akasikia mlio majini, kama mtu anayefunga kitabu kikubwa kwa nguvu. Akaketi. Akausikia tena, na kila mara ulikuja mahali ambapo chura alikuwa akiogelea. Alinieleza kesho yake huku macho yakimtoka: "Cuthbert, wale samaki hawali chini. Wanaangalia juu. Na wanakula gizani."

Samaki wenyewe ni wa ajabu. Mgongo ni wa kijani, tumbo jeupe, na mdomo ukifunguka ngumi yangu yote inaingia. Mpaka leo najiuliza anavyomjua chura katika giza ambamo mimi siuoni mkono wangu. Nadhani anausikia mwendo wake kwa ngozi. Sijapata kitabu kinachosema.

Chura wa mti ndiye chambo. Anavutwa juu ya maji kwa uzi na mwanzi, mdomo wake unayapiga maji, samaki anakuja. Vitobo vya tumboni ni vya ndoana. Alichonga Bwanali, nani mwingine? Nywele sijui habari zake. Mimi nilidhani ni singa za mkia wa mbuzi, na gizani sikuwa na haja ya kuuliza. Tangu mwezi wa Mei sikwenda tena kwa sababu ya mitihani. Mara ya mwisho walikuwa wao wawili.

Nisamehe kwa kunyamaza msibani.

Cuthbert

Ukishapata jibu la nywele, ningependa kulijua.


Lulindi
2 Agosti 1957

Shemeji Bwanali,

Shikamoo. Katika barua yangu ya kwanza sikuandika neno chura. Niliandika mdomo, macho, vitobo na nywele. Wewe ndiye uliyemwita chura, tena ukamwonea huruma asikae karibu na jiko.

Sijakasirika. Nilicheka kidogo, nikashangaa kusikia sauti yangu.

Mwalimu ameniambia habari za bwawa. Barua yake nimeichoma kama alivyotaka. Nimefurahi kujua kwamba Basil alikuwa anavua. Nimeanza kuunganisha vitu. Dominika alipofariki, mwaka jana mwezi wa tatu, nilikaa wiki nyingi nikinywa uji tu. Chakula kingine kilinishinda kooni. Ndipo alfajiri moja Basil akaja na samaki amemfunga kwa jani la mgomba. Akaniambia amemnunua Ndanda, kwa mtu anayeleta samaki kutoka Lindi. Nikajua si kweli, kwa sababu samaki yule alinuka tope, hakunuka chumvi. Lakini Basil alimchoma mwenyewe, akanitolea nyama ya shavu, akaketi mbele yangu ananiangalia kama anavyoangalia saruji mpaka ishike. Nikala. Ilikuwa nyeupe, haina miiba. Nikaomba na shavu la pili.

Sasa nimebaki na jambo moja, na linanisumbua kuliko yote yaliyotangulia. Nywele ni za nani?

Mabel amekwisha kumwambia padre. Wanawake wa kanisa wanaongea, nikifika wananyamaza. Zimebaki siku nane. Ukinyamaza tena nitajua kwamba jibu ni baya, na nitamwacha Mabel awashe moto.

Veridiana


Newala
6 Agosti 1957

Mama Dominika,

Barua hii nampa dereva wa lori mkononi, maana posta inaweza kuchelewa. Nilianza kuiandika jana, nikachana. Leo nimemwambia Siti asinipe chakula mpaka nimalize.

Nywele ni zako.

Wakati wa msiba wa Dominika, uliponyolewa kama ilivyo desturi, Basil alipewa nywele akazifukie. Alifukia nyingi. Konzi moja aliiweka katika kiberiti kitupu. Hilo mimi sikulijua mpaka mwezi wa sita mwaka huu, nitafika huko.

Usiku wa kwanza tulivua kwa chura mwenye mkia wa katani, hatukupata. Tukajaribu manyoya ya kuku, tukajaribu singa za mbuzi. Usiku wa tano samaki alikuja, akamgusa chura, akamwacha. Basil akalala kifudifudi kwenye ukuta wa bwawa, akachovya mkia wa chura majini karibu na pua yake. Akasema, "Umekufa huu. Maji yanausukuma tu. Nataka kitu kinachojisogeza."

Nikamnong'oneza kwamba nywele za mtu ndizo zinazojisogeza. Nilijua kwa sababu ya kazi yangu nyingine, ambayo wewe ni mama na sitakutajia. Hata jina la mti ule mwepesi silitaji, na nta naipika mbali na nyumba. Wifi yako hakukosea sana alipokimbiza kigoda. Kazi ile ina ada yake. Fundi akiletewa nywele, anafunga. Haulizi zimetoka kichwani mwa nani. Usiku uliofuata Basil akaniletea kile kiberiti. Nikafunga kwa mwanga wa sigara ya Mwalimu. Sikuuliza, na hapo ndipo nilipokosea. Nywele za msiba mahali pake ni ardhini. Ningeuliza, ningekataa.

Usiku ule ule tulipata. Basil alivuta mara tatu, kpo, kpo, kpo, na maji yakapasuka. Alipomtoa akamlaza kwenye nyasi, akaniambia, "Haya, Mmakonde, leo umemwona samaki asiye na masikio." Unajua alivyokuwa akitutania kwa wale panya wa shambani tunaowala na kuwaita samaki nchanga, yaani samaki wa mchanga. Nikamjibu, "Na wewe Mmakua shika mwanzi, maneno hayaliwi." Mwalimu akasema, "Shh, bango!" kana kwamba bango lina masikio. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Samaki yule hatukumgawana. Basil alimtaka mzima, akasema ana mtu wa kumpa. Sasa najua ni mashavu yapi uliyokula.

Kuanzia hapo, kila aliporusha alisema, "Haya, Mama Dominika, nenda." Mimi nilidhani ni mzaha, kama mtu anayeipa jembe lake jina.

Sasa nafika mahali nilipochana barua ya kwanza. Katikati ya mwezi wa sita tulikuwa wawili. Baridi ya mwezi ule unaijua. Uzi ulikatika, chura akabaki kwenye matete, mbali. Basil akavua koti, akaingia majini mpaka kifuani. Nikamwita, "Toka! Kesho nitachonga mwingine." Akakaa humo muda mrefu, anapapasa matete moja moja. Akatoka anatetemeka, chura kamshika kwa meno, anacheka.

Nikamgombeza. "Umeingia maji kwa kipande cha mti?"

"Mti utachonga," akasema. "Nywele utazitoa wapi?"

Akaniambia ni zako. Nikamuuliza alikuwa na akili gani alipoziweka, na alipozileta bwawani. Akasema, "Mwenzangu hajatoka nje ya ua tangu mtoto afe. Nikaona basi angalau nywele zake zitoke. Zione maji, zisikie vyura, nirudi nazo."

Aling'oa ndoana ili zisitoboe mfuko ulioushona, akamtia chura ndani ya koti. Siku tisa baadaye nikasikia kalazwa, kifua kimembana. Shemeji, mkono wangu ndio uliofunga nywele zile, na nywele zile ndizo zilizomwingiza majini. Ndiyo sababu nilisimama kaburini, na ndiyo sababu nilikudanganya. Niliogopa kunywa uji wako.

Ukitaka kuchoma, choma. Mimi sitasema neno.

Bwanali


Lulindi
13 Agosti 1957

Shemeji Bwanali,

Dereva alileta barua yako Alhamisi jioni nikiwa napepeta mchele wa arobaini. Niliisoma nimesimama. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, na sitakueleza yaliyofuata.

Sikiliza kwanza hili. Basil alianza kukohoa kabla ya Kwaresima. Leso zake nilizifua mimi, najua zilikuwa na nini. Mwezi wa nne daktari alimwambia kifua kimeharibika, na siku zake anazijua Mungu. Nilimwambia awaeleze ninyi rafiki zake. Akanijibu, "Nikimwambia Bwanali, ataacha kuniita." Nilidhani ni kuitwa kwa mazungumzo tu. Wewe ulinificha bwawa, naye alikuficha kifua, na wote wawili mlifanya hivyo ili safari zile za usiku zisikome. Maji yale hayakumwua. Baridi ile labda ilimpunguzia wiki chache, lakini alitoka anacheka, umeandika mwenyewe. Kwa hiyo uji wako upo, uje uunywe.

Sasa arobaini. Baada ya sala Mabel akaleta chungu cha makaa, akasema, "Kitoe." Nikaomba beseni la maji. Nikamfunga chura uzi wa cherehani, nikamweka majini, nikamvuta polepole. Kpo, kpo. Nywele zikafunguka kama mkono wa mtoto anayeoga. Watoto wakasogea kwanza, kisha mama zao, mwisho hata padre akainama na miwani yake.

Mabel akauliza, "Ni nini hicho?"

"Chambo cha samaki, wifi. Basil alikuwa anavua."

"Na nywele?"

Nikavua kitambaa kichwani, nikainamisha kichwa hiki kilichonyolewa mara ya pili. "Zilitoka hapa. Alizihifadhi tangu msiba wa Dominika."

Mabel aliangalia kichwa changu, akaangalia beseni. Akaketi chini taratibu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa anavua wapi, na bwawa la huku ni marufuku?"

Nikamwambia, "Ndanda." Mwambie Mwalimu alale salama.

Silvano akapokea mwiko wa uashi, timazi, mkebe wa vigae na koti. Alipofikia beseni akakuna kichwa. "Mali ya mjomba ni yangu," akasema, "lakini nywele za mkaza mjomba nitazirithi vipi? Nikizitia nyumbani kwangu mke wangu ataniuliza maswali." Watu wakacheka, na kwa kicheko hicho jambo likaisha. Chura amebaki kwangu.

Sasa nina ombi. Nywele zake zimechakaa, nyingine zimekatika. Zangu zimeanza kuota. Zikifika urefu wa kidole nitakuletea, nawe uzifunge. Kisha mnipeleke. Nataka kusikia mwenyewe ule mlio wa kitabu kinachofungwa.

Veridiana


Newala
3 Septemba 1957

Mama Dominika,

Umemwogelesha chura wa mti ule mbele ya wanawake arobaini! Nimekaa siku tatu nikingoja wazee wa ngoma wanigongee mlango. Mpaka leo hawajaja, naona huko kwenu waliona chambo tu.

Barua yako nimeisoma pale kuhusu kifua, nikarudia. Uji nitakunywa.

Kufunga nitafunga, lakini utakaa umenipa mgongo mpaka nta ipoe, na jina la mti hutaniuliza. Safari hii mimi nimeuliza: nywele ni za nani? Ni zako, na unazitoa mwenyewe. Vizuri.

Kuhusu kwenda bwawani, mwanamke kuvua na wanaume usiku haijawahi kusikika. Nilimwambia Siti hivyo. Akasema, "Basi tutakuwa wanawake wawili, isikike vizuri." Kwa hiyo ni giza la mwezi la Desemba, mvua za kwanza zikishanyesha na vyura wa kweli wakianza kuimba.

Bwanali


Lulindi
23 Desemba 1957

Mwalimu Cuthbert,

Uliniomba nikujulishe habari za nywele, na hizo Bwanali amekwisha kukueleza. Lakini Jumamosi hukuja, ukasema una mazoezi ya nyimbo za Krismasi. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea, maana naona ungependa kujua.

Tulifika giza limeshaingia. Bango nililipapasa kwa mkono nilipopita. Limebaki na mguu mmoja kweli. Siti aliketi kwenye ukuta wa bwawa akiwa na chungu cha mihogo, akasema yeye amekuja kutulinda sisi tusichekwe. Vyura walikuwa wanaimba mpaka kifua kinatetemeka. Nikatafuta kwa vidole mahali Basil alipoandika herufi zake kwenye saruji, B na msalaba mdogo. Nilizipata, nikakaa hapo.

Bwanali alinifundisha. Kuvuta kidogo, kungoja, kuvuta. "Usimkimbize," akaninong'oneza. "Chura wa kweli hana haraka, hajui kwamba anaangaliwa." Mara ya kwanza uzi ulinizunguka shingoni. Mara ya pili nilimvua Siti kitambaa kwa ndoana. "Mmakua huyu ataniua," akasema Siti.

Mara ya tatu nikasema kimyakimya yale maneno ya Basil, nikabadilisha jina. Nikasema, "Haya, Baba Dominika, nenda." Nikarusha. Nikavuta. Kpo. Nikangoja. Vyura wote upande ule wakanyamaza kwa pamoja. Hilo hukuniambia, Mwalimu, kwamba wananyamaza. Wao wanamjua kabla yetu.

Kisha nikausikia mlio. Ni kweli, ni kama kitabu.

Mwanzi uliinama, mikono yangu ikaenda mbele, Siti akanishika kiunoni. Sijawahi kushika kitu chenye nguvu vile nisichokiona. Hakuvuta kama mbuzi. Alivuta kama mtu anayejua anakokwenda. Nilimsikia akiruka mara moja, mbali, maji yakamwagika kama beseni. Halafu uzi ukakatika, nikaanguka juu ya Siti na mihogo yake.

Chura ameondoka naye.

Nilipoinuka nikasikia nguo zikivuliwa. Shemeji Bwanali alikuwa amekwisha kuvua shati, anakunja suruali. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Atamtema," akasema. "Samaki huyu akigundua ni mti anautema. Chura atakuwa kwenye matete. Nitampata."

Nikamshika mkono.

"Shemeji, usiingie."

"Lakini nywele..."

"Mti utachonga," nikamwambia. Nikachukua kiganja chake nikakiweka kichwani pangu, juu ya nywele fupi zilizobaki nilipokata zile za chura, ili ajue mwenyewe. "Hizi zitaota."

Tulikaa pale kwenye ukuta, sisi watatu, tukala mihogo iliyochanganyika na mchanga. Baada ya muda vyura wakaanza tena, mmoja kwanza, kisha wote.

Mwezi ujao uje, Mwalimu. Bango tutalishika sisi.

Veridiana